Tone Jekundu Hekaluni

Mwaka ule mjukuu wangu alikuwa darasa la saba, tena wa kwanza darasani, na sioni haya kujisifu. Mimi kusoma kwangu kuliishia la pili. Mwalimu wao akawaambia waende wakatazame mahekalu ya Wahindi mjini, waandike waliyoyaona. Mamake yuko kazini Shimanzi, basi nikamwambia, "Vaa viatu, twende kwa miguu."

Kosa langu nilipitia soko la Marikiti kwanza. Nyama ya mbuzi huwahiwa. Ikafungwa gazeti, nikaitia kikapuni.

Hekalu la kwanza tulilikuta limefungwa. La pili, jeupe la marumaru, bawabu alisema tu, "Viatu, mama." Tukavua, tukapanda. Ndani bibi mmoja wa Kihindi, kichwa mvi tupu, akampokea mtoto kwa Kiswahili kilichonyooka.

"Shikamoo. Ni kitu gani hakiingii humu?" mjukuu akauliza, daftari mkononi.

"Nyama. Ngozi pia, hata mkanda. Sisi hata sisimizi hatumuui."

Nikakumbuka kikapu. Nikatazama chini: tone jekundu juu ya marumaru. Nikalikanyaga. Likaanguka la pili, nikalikanyaga kwa mguu mwingine.

"Sogea, dada, uone sanamu."

"Naona papa hapa."

"Utaona nini, na nguzo imekukinga?"

Mjukuu akaniangalia miguu. Nikitembea, nyayo zitanisema. Nikinyamaza, kikapu kitaendelea kudondosha damu, na mtoto atafukuzwa hajajaza hata ukurasa.

"Dada, nimekukosea. Kikapuni mna nyama."

Kalamu ya mtoto ikasita.

"Toka," akasema yule bibi.

"Na mtoto?"

"Mtoto hakubeba kitu. Abaki."

"Basi nipe tambara kwanza."

Nikakizongazonga kikapu kwa leso yangu, nikapiga magoti, nikapangusa matone, nikapangusa na alama za nyayo zangu. Hakuna aliyenisaidia, wala sikutaka. Nikatoka.

Nilikaa ukutani juani, nzi wananizonga, masikio yote kule ndani. Sijawahi kumwacha mtoto yule kwa watu nisiowajua. Hata akatoka.

"Amekufukuza?"

"La. Amenionyesha kila kitu. Nimejaza kurasa tatu."

"Na ile damu?"

"Nimeanza na hiyo, Bibi."

Mkono uliniwasha nimzabe kofi.

"Basi andika pia kwamba nilipangusa mwenyewe."

Akaketi kando yangu, akafungua daftari, akaandika.