Ile ya Stesheni, Sasa Picha Safi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kitambaa cha pamba, chupa ndogo ya spiriti na deki ya video iliyofunguliwa kifuniko. Ilikuwa mtaa wa Ngarenaro, mjini, chumba kimoja kati ya fundi baiskeli na mshona magodoro, kanda zimepangwa ukutani kama matofali mpaka darini. Bosi wangu tulimwita Mwenye Maktaba, kwa sababu mlangoni aliandika Maktaba ya Video. Alinitazama mikono kabla ya uso.

"Umesoma mpaka wapi?"

"La saba, mzee."

"Inatosha. Unaona hiki kinachong'aa? Hiki ndicho kichwa cha deki. Kikichafuka, picha inatoa chenga. Mteja akiona chenga hasemi deki chafu, anasema mimi mwizi. Futa."

Nikafuta juu chini. Akanishika mkono.

"Kwa ubavu, kijana. Ukifuta juu chini utakivunja, halafu mimi nitakuvunja wewe."

Nilikaa naye miaka tisa. Alinifundisha kwamba kanda ya kwanza, ile inayotoka kiwandani, ni kanda mama. Ukiirudufu unapata mtoto, mtoto ukimrudufu unapata mjukuu, na kila kizazi kinapoteza kitu. "Mjukuu hana macho," alikuwa akisema, na kweli, katika kanda za wajukuu nyuso zilikuwa madoa tu. Wateja hawakutaja filamu kwa majina. Walisema nipe ile ya mapacha, au ile ya jambazi mwenye jicho moja, nasi tulijua.

Pia alinifundisha kuhusu kijino. Kwenye ubavu wa kanda, upande wa kushoto, kulikuwa na kijino cha plastiki. Kikiwepo, deki inakubali kurekodi juu ya kilichomo. Ukikivunja, kanda haifutiki tena. Lakini ukibandika kipande cha selotepu kwenye lile tundu, deki inadanganyika, inafuta kila kitu. Nawaomba mlishike hilo, maana maisha yangu yamepita katika tundu hilo.

Baadaye Mwenye Maktaba alinipeleka kijijini Nkoaranga na televisheni, deki na jenereta, nionyeshe video katika banda la mabati karibu na mashamba ya kahawa. Jumamosi alasiri ilikuwa ya akina mama. Walipenda filamu za Kihindi, ila lugha ilikuwa ukuta, hivyo tulihitaji mtu wa kueleza. Mke wangu, Mama Neema, mzaliwa wa palepale, akaichukua kazi hiyo.

Kihindi hakujua hata neno moja. Alisoma maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini, akashika nusu, na nusu nyingine aliisoma kwenye nyuso. Alieleza kwa Kiswahili, akachanganya Kimeru pale wazee walipokunja uso.

Filamu iliyopendwa kuliko zote tuliiita ile ya stesheni. Mama mmoja muuza chai anapotezana na mtoto wake kwenye stesheni ya treni, anamtafuta mpaka nywele zinakuwa nyeupe. Mwanzoni mume anaondoka.

"Amesemaje huyo baba?" bibi mmoja aliuliza.

"Anasema anakwenda kununua sukari, bibi. Harudi huyo. Mtazame viatu."

Banda zima likacheka. Kwa nini mtu avae viatu vya safari kununua sukari? Nami niliyeisafisha kanda ile mara nyingi sikuwa nimeviona viatu vile.

Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika, Mama Neema hakuweza kuja kila Jumamosi. Nikaamua kumrekodi. Niliunganisha deki mbili nyumbani, nikachomeka kipaza sauti katikati, na wakati filamu inarudufiwa yeye akawa anaeleza, sauti yake ikaingia juu ya ile ya filamu. Alikohoa mara mbili. Jogoo aliwika. Pale mama wa stesheni anapopanda treni kwa mara ya mwisho, mahali pa kulia kabisa, sauti ya Mama Neema ilisema taratibu, "Baba Neema, maharage yanaungua."

Nilitaka turudie. Akakataa. "Kanda ni ghali, na maharage yameshaungua."

Jumamosi iliyofuata akina mama walipoyasikia maneno hayo waliangua kicheko huku machozi yakiwatoka. Ikawa desturi. Kila treni ilipofika, sauti ya kanda ikisema maharage yanaungua, banda lote liliitikia pamoja: "Epua!" Hata mwinjilisti alipopita nje siku moja aliitikia, halafu akaendelea na safari yake. Nikakivunja kijino cha kanda ile kwa bisibisi, isije ikafutwa na mtu.

Mwenye Maktaba alipofunga biashara, nilipata kazi Kijenge, kwenye duka la disk. Bosi wa pale alikuwa Meneja, mtu msafi, msema polepole. Disk zilikuwa zimeanza, na filamu za zamani zilikuwa zikitolewa upya, zimesafishwa. Meneja alibuni utaratibu: mteja alete kanda kuukuu, apunguziwe bei ya disk mpya ya filamu ileile. Kanda zile zilifutwa na kuuzwa kwa wapiga video za harusi na kipaimara.

"Mzee," aliniambia, na wakati huo sikuwa mzee, "hawa watu wamezoea chenga. Sisi tunawapa macho."

Nilimwamini. Miaka tisa ya kitambaa na spiriti ilikuwa imenifundisha kitu kimoja tu, kwamba picha safi ndiyo heshima ya kazi. Kazi yangu ikawa kupokea kanda, kubandika selotepu, kufuta. Mwenzangu alikuwa mvivu, alifuta dakika chache za mwanzo tu, na wapiga video walilalamika kwamba baada ya harusi kuisha wanatokea Wahindi wanacheza. Kanda zangu hazikulalamikiwa hata siku moja. Nilifuta mpaka mwisho wa utepe.

Ile ya stesheni ilipofika kwa disk, nilikwenda nayo nyumbani kumwonyesha Mama Neema. Tukaiangalia kwenye deki ya disk niliyoazima dukani. Aliinama kwenye kioo. "Kumbe mtandio wake ni wa kijani," alisema. "Mimi nilikuwa nawaambia wa bluu."

"Nirudishe ile kanda yetu, tuichukue hii?"

"Peleka tu."

"Ina sauti yako."

"Sauti yangu si ninayo hapa?"

Nikaipeleka. Kwenye kaunta niliona tundu la kijino nilichokivunja mwenyewe. Nikakata selotepu, nikabandika, nikapitisha ukucha ili ishike vizuri. Nikaifuta mpaka mwisho. Baadaye ikarekodiwa kipaimara cha watu nisiowajua.

Mama Neema alifariki miaka minne baadaye, kwa maradhi ya koo. Wiki za mwisho hospitalini alikuwa akiandika kwenye daftari. Simu yetu ilikuwa ya tochi, ya kupiga na kupokea tu, haikurekodi sauti. Kamera tuliziona kwa watu. Tulimzika Nkoaranga, mgombani kwao. Kwenye msiba bibi mmoja, yule wa sukari, akanishika mkono akasema, "Baba Neema, tutakuja kuisikia ile kanda." Nikamwambia karibuni. Ni uongo wa pekee ninaokumbuka kuusema kwenye msiba ule, na alikufa hajaujua.

Nimefikiri sana juu ya mwenzangu mvivu. Ingekuwa yeye ndiye aliyeipokea kanda ile, leo ningetafuta familia ya kile kipaimara, nyumba kwa nyumba, kanisa kwa kanisa, niwaombe wanionyeshe kinachobaki baada ya keki kukatwa. Treni ilikuwa mwishoni kabisa mwa filamu. Ingekuwepo. Lakini niliipokea mimi, na mimi nilikuwa mfanyakazi mzuri.

Niliendelea Kijenge mpaka disk nazo zilipokosa wateja. Meneja alinishika mkono, akanipa cheti chenye jina langu lililokosewa. Nikakikunja. Nikarudi Nkoaranga kwenye migomba.

Sasa vijana wanaonifahamu huniuliza: mzee, ulikuwa fundi, haya matoleo mapya yaliyoboreshwa ya filamu za zamani yana thamani, au ni njia ya kutuuzia kitu kilekile mara ya tatu? Huwa najibu kama fundi. Nawaambia watazame kwanza kama limetokana na kanda mama au na mjukuu aliyepakwa poda. Kuna matoleo wanalainisha picha mpaka uso wa mtu unakuwa kama sahani ya plastiki. Kuna mengine wanaijaza televisheni pana kwa kukata juu na chini, viatu vinapotea. Likitoka kwenye kanda mama, utaona vitu ambavyo hukuviona maisha yako yote. Hapo nasema nunua. Huo ni ukweli nami siuonei haya.

Halafu wananiaga.

Mwezi uliopita Neema alikuja kutoka mjini na toleo jipya la ile ya stesheni, na televisheni ya kuionyeshea. Yeye ni mtu mzima sasa, ana nywele mbili tatu nyeupe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuletea ya mama. Hii ndiyo safi kuliko zote."

Tuliketi mchana ule, mlango wazi. Nilitazama kwa macho ya kazi. Toleo zuri. Limetoka kwenye kanda mama, hawakupaka poda, hawakukata. Viatu vya yule baba vilionekana mpaka gidamu. Mtandio wa kijani ulikuwa na uzi wa dhahabu ambao hata disk haikuuonyesha. Sijui kama nimewahi kuona picha safi namna ile.

"Baba," Neema akasema, "zima sauti. Eleza wewe kama mama."

Nikazima. Nikaanza. Habari ya sukari niliikumbuka, akacheka. Baada ya hapo nilikuwa nasema tu ninachokiona: anatembea, anakaa, analia. Mama yake hakuwahi kueleza hivyo. Alisema mambo ambayo hayapo, na hayo ndiyo yaliyonipotea. Nilijaribu hata kuifuatisha sauti yake, ile namna ya kushuka mwishoni, nikatoka na sauti ya mzee mwenye mafua.

Treni ikafika.

"Maharage, baba," Neema akanikumbusha.

"Baba Neema," nikasema, "maharage yanaungua."

"Epua," akaitikia, peke yake.

Kwenye kioo yule mama alisimama mlangoni mwa behewa akageuka kuitazama stesheni. Kila unywele wa nyusi ulionekana, na chozi, na ufa mdogo kwenye mdomo. Mdomo ukafunguka, ukafungwa, ukafunguka tena, bila sauti.