Pigo Moja ni Mimi

Natengeneza programu za simu, hasa milio yake: noti zinazopanda zikuambie ujumbe umekwenda, zinazoshuka zikuambie umekwama. Kazi naifanyia chumbani kwangu Kilakala, peke yangu. Ikifika jioni nimesikiliza kila kitu isipokuwa binadamu.

Mama yuko Kinole, na macho yake hayaoni tena. Nilimpelekea simu inayosema, akaikataa siku hiyohiyo. “Mtoto gani huyu hana hata shikamoo?” Mjadala ukaishia hapo. Nikaitengeneza upya, bila maneno. Sisi wanawe tukawa ngoma, kwa mpangilio wa kuzaliwa: pigo moja ni mimi, mawili ni dada yangu aliyeolewa Dakawa, matatu ni kitindamimba wetu, aliyekwenda kutafuta maisha na hapigi. Wanunuzi wa mdalasini wake wakawa filimbi. Mama aliishika yote asubuhi moja, nami nikajisifu kimoyomoyo.

Mwezi uliopita nilipanda kumwona. Tulipokwisha kusalimiana nikaipigia simu yake palepale, kuijaribu. Ikalia pigo moja. Hakugeuza hata shingo, akaendelea kumenya ndizi.

“Mama, ni mimi huyo.”

“Najua. Wewe sikusubiri, wewe unapiga.”

Iliniuma, siwezi kudanganya. Akafuta mikono kwenye khanga.

“Hayo matatu yaondoe, mwanangu. Hata mtu akitwanga huko bondeni, nikisikia tatu nainuka. Nimechoka kuinuka.”

Nikayaondoa. Ilikuwa kazi ndogo kuliko kumenya ndizi moja, na nilitamani ingekuwa ngumu.

“Na mimi kwako nalia vipi?” akauliza.

Mama hakuwa amewahi kunipigia, kwa hiyo sikuwahi kumwekea mlio. Nikamwekea kayamba, nikamfundisha kitufe cha kubonyeza, akajaribu, kayamba likalia mfukoni mwangu. Tukacheka wote wawili.

Tangu nirudi mjini halijalia. Nikimpigia namkuta mzima, namuuliza kama kitufe kinafanya kazi. Kinafanya, anasema, ila apige ya nini na mimi napiga kila siku? Juzi nikaamua nisipige, nione. Simu nikaiweka mezani, milio mingine yote nikaizima. Haikufika jioni nikawa nimepiga mwenyewe. Niliogopa asije akaanza kuinuka kwa pigo moja.