Kichwa cha treni kinachonukia mawese

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba ya maharage ya Busunzu, na Longinus Harerimana anampaka mafuta mzee mwenzake. Anachovya tambara kwenye kopo la mawese, anasugua tumbo la chuma, kisha anarudi nyuma na kulitazama kama bwana harusi anayekagua suti ya kuazima.

"Usicheke," anaonya bila kugeuka. "Na wewe ukifika umri wake utahitaji kupakwa."

Anayepakwa ni kichwa cha treni ya mvuke. Huku Kibondo reli hakuna, wala haijawahi kuwepo. Anayetaka treni ateremke Kigoma mjini. Lakini kichwa kipo. Mwenye kiwanda cha mbao alikinunua kilipostaafu, akakipandisha milimani kwa malori, vipande vipande, ili mvuke wake uzungushe misumeno. Tangu kiunganishwe hakijasogea hata hatua moja.

Longinus, ambaye sasa ana miaka 66, alianza kukichochea kuni akiwa kijana.

"Filimbi yake ndiyo ilikuwa saa ya kata nzima," anasema. "Ikilia asubuhi, watoto shuleni. Ikilia mchana, ugali unaepuliwa. Mama mkwe akiisikia anasema, 'Mkwe wangu huyo, yuko kazini.' Kumbe mimi nimelala kwenye maranda, kaivuta mwenzangu."

Mkewe, Veronica, anayepepeta maharage kando, anadakia: "Mimi alinidanganya. Nilijua naolewa na dereva wa treni."

"Sikudanganya, mama. Hukuuliza inakwenda wapi."

Kiwanda kilifungwa miaka ya themanini. Baadaye wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu. Misumeno ikaenda, mabati ya paa yakaenda, hata bawaba za milango hazikuaga. Serikali ya kijiji ikamkabidhi Longinus ulinzi wa kilichobaki, kwa posho ya shilingi elfu hamsini kwa mwezi, mwezi ambao imepatikana. Filimbi ya shaba akaifungua mwenyewe, akaifukia kwenye ghala la mahindi la nyumbani kwake, hatua chache kutoka hapa.

Kutu ilibaki. Grisi ni ghali, mawese yapo kila gulio, basi akapaka mawese. Vumbi jekundu la kiangazi likaganda juu yake, tabaka kwa tabaka, hadi chuma kikaonekana kimeoza kabisa. Longinus akaacha hivyo hivyo, kwa makusudi. Wezi walikuja, wakagonga, wakasonya, wakaondoka.

"Mmoja alinipa pole," anakumbuka. "Nikaipokea kwa huzuni kubwa. Nikamwambia, ndiyo dunia, mwanangu."

Mwaka huu hila hiyo ikamgeukia. Anifa, afisa wa halmashauri aliyehamia kutoka Tanga, alipita kukagua mali chakavu za kupigwa mnada. Longinus alikuwa shambani. Aliporudi alikuta alama kubwa ya chokaa ubavuni mwa kichwa, na majirani wakamweleza: kimeingia mnadani, na Ijumaa afisa anarudi kuthibitisha.

"Niliizunguka alama ile mara mbili," anasema. Mkono wenye tambara umesimama. "Wezi nimewashinda kwa uchafu, halafu uchafu wenyewe unamuuza mzee mwenzangu."

Veronica hakungoja alie. Aliinjika maji kwenye sufuria la kwaya, lile la sikukuu, akawaita wanakwaya wenzake waje na majivu. Walikisugua kama masufuria ya harusi, wakiimba. Siku ya pili rangi nyeusi ikachungulia. Siku ya tatu, ukanda wa shaba. Mzee mmoja jirani alipouona alivua kofia, akasema tu, "Mwakeye," salamu ya Kiha ya asubuhi, kama aliyekutana na mtu aliyerudi safarini.

Ijumaa Anifa alifika, akazunguka, akaegemea chuma kupumzika.

"Shikamoo mzee. Kile chakavu kiko wapi?"

"Marahaba, binti yangu. Umekiegemea."

"Na alama yangu?"

"Imekwenda na maji ya majivu."

Longinus akamweleza hila yake yote. Anifa alicheka hadi akashika mbavu. "Mzee, ungenipaka na mimi hivyo, wangenistaafisha." Kisha akawa afisa tena: kichwa kimetoka mnadani kwa mwaka huu tu. Kabla ya ukaguzi ujao kiwe na paa na uzio, la sivyo kinarudi.

Ndiyo maana asubuhi hii Longinus anapaka na kufuta, anapaka na kufuta, vumbi lisipate pa kushika. Sasa kinang'aa, na wezi wana macho. Majirani wamekubaliana kulinda kwa zamu, na kila kaya ya kwaya imeahidi bati moja.

Paa likikamilika anataka awashe moto mara moja tu. "Fundi wa boila akikague kwanza. Sitaki kuirusha Busunzu mpaka Burundi."

Veronica anakung'uta ungo, anaingia ghalani, anatoka na kitu kilichofungwa kitenge. Ni filimbi. Longinus anaifuta kwa shati, anaiweka mdomoni, anapuliza kwa pumzi zake zote. Inatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua.

Ng'ambo ya bonde, kutoka kwenye maharage, sauti ya mwanakwaya mmoja inajibu kwa nguvu:

"Longinus! Ugali bado!"