Watu Haba

Kila nisikiapo dawati likiburutwa kwenye sakafu ya saruji, meno yangu huingia ganzi na hasira ya darasa la tano hunipanda upya. Wiki ile tuliyaburuta madawati mpaka sakafu ikajaa michirizi, na sikuona tulichofaidi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika shule ya Iftin, Garissa. Mwalimu Mutinda alikuwa ametoka chuoni moja kwa moja, mgeni kutoka Ukambani, viatu vyake bado vyeusi, havijaingia vumbi letu. Alikuja na nakala sita za kitabu kimoja cha hadithi kwa watoto arobaini na wanane, na neno moja alilolipenda kupita kiasi: vikundi. Umoja ni nguvu, alituambia. Mimi sikutaka umoja, nilitaka kitabu. Nyumbani hatukuwa na hata kimoja cha hadithi, na jalada la hiki lilikuwa na fisi aliyevaa kofia. Nilitaka kujua kofia aliipata wapi.

"Jigaweni wenyewe," akasema siku ya kwanza. "Kila mtu akae na watu wake."

Maskini, hakujua alichosema. Kwao labda watu wako ni marafiki zako; kwetu sisi Wasomali, watu wako ni ukoo wako. Tulijigawa upesi, kama mbuzi wajuavyo zizi lao. Kikundi chetu kikawa na watoto ishirini na watatu, binamu kwa binamu, na kitabu kimoja. Mimi niliona kisogo cha binamu yangu Abdi na kipande cha sikio la fisi.

Siku ya pili alituhesabu moja mpaka sita. Tukabadilishana nafasi kwenye mstari, kila mtu akaangukia kwao. Siku ya tatu alitupanga kwa majina, na kila alipogeukia ubao tuliyaburuta madawati kurudi tulikotoka. Alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Abdi na kisogo chake.

Zaidi ya wote nilimkasirikia Halima. Muhula ule alikuwa amevuka mpaka kutoka Somalia kupitia Liboi, yeye na mama yake, aliyeuza chai karibu na soko la mifugo. Tulimwuliza ukoo wake, akataja jina ambalo hakuna mwenzetu aliyekuwa nalo. Basi alikaa peke yake mlangoni, kikundi cha mtu mmoja, na kitabu kizima mapajani. Kitabu kizima! Nilimwonea wivu.

Siku ya nne Mwalimu alisimama mbele yake. "Na wewe, wenzako wako wapi?"

"Mwalimu, mimi hakuna watu haba."

Kisomali hakina p, kwa hiyo sisi sote tulisikia "hapa". Mwalimu alisikia "haba". Akakunja uso, akafikiri, kisha akavuta kiti chake na kuketi kando yake.

"Haba na haba hujaza kibaba," akasema. "Haya, sasa tuko wawili. Nani anaongeza?"

Mimi nilikuwa nakitazama kitabu, kimefunguliwa, na nafasi iliyobaki kwenye dawati. Nikainuka. Abdi akanivuta gauni.

"Shukri, wabi wewe naenda? Walaahi, rudi haba!"

Nikaenda. Sikumsalimia Halima, nilikivuta kitabu nusu upande wangu, nikasoma. Fisi alikuwa ameiba kofia kwa kinyozi. Nilipoinua macho, wengine walikuwa wanakuja mmoja mmoja, wakigombania kukaa karibu na Mwalimu. Tangu siku hiyo hakusema tena "watu wake". Alianza na aliyebaki peke yake, akauliza nani anaongeza.

Mwaka jana nilikutana na Halima arusini. Alinishika mikono mbele ya binti zangu, akawaambia kwa Kisomali, "Abaayo huyu, dada yangu huyu, ndiye aliyeinuka wa kwanza." Akasimulia kwamba asubuhi ile alikuwa amemlilia mama yake asirudishwe shuleni. Kile kitabu, alisema, hakuwa amesoma hata mstari mmoja. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia chai tu, na hakuwa na wa kumwuliza.

Nilisikia aibu, nyinyi, ya kunitoa jasho. Nikafungua mdomo nimweleze, lakini alikuwa analia, na binti zangu walikuwa wananitazama kama shujaa. Nikaufunga. Mpaka leo Halima hajui kwamba nilimfuata fisi.