Mji wa Kesho Usio na Nyumba

Nyumba ziliondolewa siku ya Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Msanifu mkuu alikuja kwenye meza yangu, akainama kama mtu anayechagua samaki sokoni, akaanza kuzing'oa moja moja kwa kucha. Alikuwa mpole. Alizipanga kwenye boksi la viatu, akaniambia nisijali, mabaki ya gundi yatakwanguka. Nilikuwa nimezijenga kwa wiki tatu. Kila moja ilikuwa na kibaraza, na kwenye vibaraza vingine nilikuwa nimefunga uzi mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza modeli za majengo. Tanzania nilikuwa msanifu majengo. Toronto vyeti vyangu vilikaa kwenye bahasha huku mimi nikipanga rafu za duka la dawa kule Agincourt, mpaka ofisi moja ndogo ya wasanifu, kule Don Mills, iliponichukua kwa mkataba, nikate kadibodi na mbao laini, nigundishe. Mteja wetu mkubwa alikuwa bustani ya burudani, mahali ambapo watu hulipa kiingilio wakazungushwe hewani mpaka watapike. Ndani yake palikuwa na sehemu iliyochakaa iitwayo Mji wa Kesho, na wenyewe walitaka ifufuliwe. Tulipewa maboksi ya michoro ya zamani. Niliisoma yote, wengine wakiwa na haraka.

Mwanzilishi wa bustani hiyo alianza na farasi wa mbao wanaozunguka. Alipozeeka akachoka na farasi, akaanza kuchora mji. Si banda la maonyesho, ila mji wa watu kulala na kuamka. Katikati palikuwa na paa kubwa la kioo la kuzuia theluji, chini yake maduka na ofisi. Kuzunguka hapo, nyumba. Kuzunguka nyumba, shule na viwanja. Malori yangepita chini ya ardhi. Pembeni mwa mchoro mmoja aliandika kwa penseli kwamba hakuna mtoto atakayevuka barabara ya magari kwenda shule. Niliposoma hapo niliweka kisu changu mezani. Binti yangu huvuka barabara ya njia sita kila asubuhi, na saa hiyo mimi huwa ndani ya basi, natazama simu kuona kama ameandika kwamba amefika.

Mzee yule alifariki mji ukiwa bado ni karatasi. Warithi wake hawakutaka mji, walitaka kivutio. Wakajenga makuba ya plastiki, wakaweka roboti anayemimina juisi na jiko linalojipikia. Watu walikuja kushangaa, kisha wakazoea, kisha wakaanza kucheka, maana ile kesho ilikuwa imeshafika na haikufanana na roboti. Rangi zikababuka. Hapo ndipo tukaitwa sisi.

Nilipendekeza turudishe nyumba, angalau chache, wakae wafanyakazi wa bustani wenyewe, wale wanaofika kazini kwa mabasi mawili na treni. Msanifu mkuu alisema ni wazo zuri sana. Nikajenga. Kisha mteja akasema watu wakiishi mahali wataanza kudai mambo, na nyumba zikaenda kwenye boksi la viatu. Baada yake ikaondoka shule, halafu zahanati, halafu njia ya malori. Kila kitu kilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilitolewa kwa tabasamu. Theluji ilipoanza kuyeyuka, mji wote ulikuwa umebaki ukumbi mrefu wenye skrini pande zote mbili, na duka la zawadi mwishoni.

Pale ofisini alikuwapo mtu mmoja tu niliyezungumza naye Kiswahili. Alikuwa mchoraji wa ramani, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mwenye miaka sitini na kitu, anayesali jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, kule Wynford. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaniitikia marahaba bila kuinua macho kwenye kompyuta yake. Katika jiji hili lote hapakuwa na mwingine niliyempa shikamoo yangu. Saa nne tulikunywa chai pamoja, akinisimulia maradhi ya magoti yake.

Halafu ikaja misonge. Mteja alitaka ukumbi uwe na pembe za dunia, kila bara na kesho yake. Asia walipewa treni inayoelea. Ulaya walipewa bustani juu ya maghorofa. Afrika tulipewa misonge mitatu ya udongo na makuti, yenye sola juu ya paa. Niliambiwa niijenge mimi, kwa sababu nitaijua vizuri.

Msonge niliuona mara moja maishani, kwenye makumbusho, tukiwa ziara ya shule.

Kwenye kikao nilisema sitaijenga. Nilisema mama yangu anaishi Dodoma kwenye nyumba ya matofali yenye vigae sakafuni, na hiyo ni leo, bado hatujafika kesho. Watu wakatazama vikombe vyao. Msanifu mkuu akamgeukia mchoraji wa ramani.

"Na wewe umetoka kule," akamwambia. "Kuna ubaya wowote hapa?"

Mzee aliitazama picha ya misonge.

"Hapana," akasema. "Inapendeza."

Kikao kikaendelea na ajenda nyingine. Misonge ilipewa mtu mwingine, akaimaliza kwa siku mbili.

Kesho yake nilimpita mzee bila kumwamkia. Nilikwenda moja kwa moja mezani kwangu nikavua koti. Nilitaka aumie, na nadhani aliumia, maana saa nne alikuja mwenyewe na vikombe viwili, akaketi kwenye kiti changu cha akiba.

"Umenuna, binti."

"Ulinitupa, mzee wangu. Mbele ya watu."

"Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Ulitaka niseme nini?"

"Ukweli."

Alikunywa chai yake. "Baba yangu alichukuliwa nyumba na serikali kule Mwanza, nyumba ya mawe, ya ghorofa mbili. Mimi nyumba za kadibodi haziwezi kunitoa machozi." Kisha akavuta boksi moja la zamani chini ya meza, akatoa karatasi iliyopigwa taipu. "Hii uliisoma?"

Sikuwa nimeisoma. Ilikuwa imekwama nyuma ya michoro. Yalikuwa masharti ya mji ule, yaliyoandikwa na mwanzilishi mwenyewe: hakuna mkazi atakayemiliki nyumba, hakuna kupiga kura, asiye na kazi ataondoka, na anayestaafu ataondoka. Niliisoma mara mbili. Miezi yote ile nilikuwa nimempigania mtu huyu.

"Unaona," mzee akasema. "Mimi na wewe hatukuwamo tangu mwanzo."

Alikuwa amesema kweli, na hilo lilinikasirisha kuliko misonge. Nilimkasirikia kwa kuisoma karatasi ile mapema na kunyamaza, akiniangalia nikifunga kamba za nguo kwenye vibaraza. Nilimwambia hivyo. Akasema alidhani ninafurahia kazi yangu, hakutaka kuniharibia.

Mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa. Hakuna aliyetaja kikao.

Mji wa Kesho ulifunguliwa tena kiangazi cha mwaka uliofuata. Binti yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, alinisumbua mpaka nikampeleka. Aliupenda ule ukumbi. Alikimbia kutoka skrini hadi skrini, nami nilimfuata nikiwa nimebana meno. Tulipofika kwenye misonge, iliyojengwa sasa kwa ukubwa wake kamili, alisimama mlangoni akataka nimpige picha. Nilimpiga. Akaniuliza kwa Kiingereza, kama anavyoniuliza kila kitu, kama bibi anaishi kwenye nyumba ya namna hii.

Nilimtafuta mhusika wa pale. Mama mmoja mwenye sare ya rangi ya fedha alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia pole, kisha akanionyesha skrini ya maoni karibu na mlango. Ilikuwa na nyuso tano, kuanzia inayocheka mpaka iliyonuna. Nikabonyeza iliyonuna. Skrini ikanishukuru.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nilimpigia mama simu ya video, nikampa binti yangu simu. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza alimwomba bibi amwonyeshe nyumba. Mama alishangaa, lakini akazunguka na simu: sebule, friji, vigae, choo cha ndani ambacho anakionea fahari, geti alilolipaka rangi mwezi uliopita.

"Kwani vipi?" akaniuliza. "Mnataka kuinunua?"

Binti yangu akacheka, mama naye akacheka, wakacheka pamoja muda mrefu. Niliwaacha na simu yao. Nilikwenda jikoni nikafunga mlango, nikaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi, kwa sababu hasira yangu ilikuwa bado haijaisha.