Wifi Hakubadili Maneno

Kaka yangu ni mzee wa kanisa, ni mwenyekiti wa kamati ya ukarabati, na ndiye aliyemwacha wifi yangu. Nayataja yote matatu kwa mpigo kwa sababu watu wa kanisani hutaja mawili ya kwanza, wakifika la tatu wanakohoa.

Wifi ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kinatosha meza mbili tu, na ukiingia unaruka mabaki ya vitambaa mpaka ufike kwenye kiti. Hushona huku amebana pini kwa midomo, na hata hivyo huimba, sauti ikipita puani. Jumamosi jioni huzitema hizo pini akaenda kuimba bluzi na kinyozi wa mtaa wa pili, mwenye gitaa lililoungwa kwa gundi ya viatu lakini likilia mwili wote unasisimka. Bluzi ni muziki wa kusema ulichotendewa. Unasema, unarudia kwa ajili ya waliojifanya hawakusikia, kisha unamalizia. Kwa wifi muziki huo ulikaa kama gauni alilojishonea mwenyewe.

Kanisa letu ni la mawe, kongwe kuliko barabara inayopita mbele yake. Mwaka huu mnara ulipasuka, na tukaambiwa usipokazwa kwa vyuma kabla ya mvua kubwa, milango itafungwa. Mchungaji, ambaye bado ni kijana, akapendekeza tamasha la bluzi humo humo ndani, viingilio vyote viende kwenye mnara. Kamati ilinuna, ila haikuwa na wazo jingine. Na mtaani kwetu ukitaja bluzi umemtaja wifi.

Kaka akaja mwenyewe pale chumbani. Nilikuwepo, namsaidia wifi kushona vifungo.

"Kamati imeupenda ule wimbo wako," alisema, hata kukaa hakukaa. "Ila kuna neno moja dogo. Pale unaposema 'mume wangu kabeba hadi pazia', badala ya 'mume wangu' sema 'Ibilisi'."

Wifi akatema pini kiganjani, moja baada ya nyingine. "Ibilisi kabeba pazia?"

"Ni mfano tu."

"Kwani Ibilisi ana madirisha?"

Nilicheka mpaka nikajidunga sindano. Kaka akanikata jicho. "Ile ni nyumba ya Mungu," akasema.

"Ndimo nilimoolewa," wifi akajibu, akakanyaga cherehani, na kaka akabaki anashindana na kelele za mashine. Akatoka moja kwa moja kwenda kumtaka mchungaji amwondoe kwenye ratiba. Mchungaji akakataa.

Kaka alipotoka tu mle chumbani, wifi alisimamisha mguu. "Kuimba nitaimba," aliniambia. "Naogopa kitu kimoja. Nyinyi wanakwaya ndio mnaoniitikia. Mkininyamazia kwa kumwogopa yeye, nitaonekana mwanamke mwenye kinyongo tu, basi." Nikarudi kwenye vifungo vyangu. Kwenye kwaya kila mtu anamwogopa kaka, na mimi nimemwogopa tangu tulipokuwa watoto tukila sahani moja.

Siku ya tamasha kanisa lilifurika. Watoto walipanda kwenye vizingiti vya madirisha, akina mama wakavua viatu chini ya mabenchi, mchungaji akapiga makofi nje ya mdundo kwa furaha kubwa. Sijawahi kufurahi hivyo ndani ya zile kuta, na sitaomba msamaha. Kisha kinyozi akavuta uzi mzito wa gitaa, na wifi akasimama pale pale alipovishwa pete.

*Mume wangu kaondoka, kabeba hadi pazia.*

Ilikuwa zamu yetu kuitikia. Kwaya nzima iliangalia viatu. Kaka alikuwa benchi la mbele, amekunja mikono. Wifi akarudia, macho yake kwetu.

*Nasema kaondoka, kabeba hadi pazia.*

Mapazia hayo nimeyaona kwa macho yangu. Yananing'inia sebuleni kwa kaka, na mke mpya huyasifia kwa wageni. Hasira ikanipanda ghafla, na woga wangu wa miaka yote ukakosa pa kukaa.

"Kabeba!" nikapaza sauti.

Kaka akageuka kama aliyepigwa kofi. Mama wa sauti ya chini, jirani yangu kwenye kwaya, akavuta pumzi. "Kabeba!" Kisha safu nzima: "Kabeba!"

*Jua laniamsha mapema, cherehani nakimbilia!*

Watu walishangilia mpaka vumbi likadondoka darini. Kaka akapanda jukwaani kana kwamba anakuja kushukuru, akamwinamia wifi. "Lazima iwe mbele za watu?" alinong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa katikati yao, na kanisa zima likasikia.

"Uliondoka Jumapili, watu wakitoka ibadani," wifi akasema. "Mkokoteni wako ulipita hapo mlangoni. Mbele za watu ulianza wewe."

Kaka akanitafuta kwa macho pale kwenye kwaya. Nilimwangalia, wala sikuinamisha kichwa. Kinyozi hakungoja ruhusa ya kamati, akaingia ubeti wa pili, na safari hii hatukusubiri zamu ya kuitikia. Tuliimba pamoja na wifi tangu neno la kwanza, kanisa zima, na mchungaji naye, kwa ile sauti yake nzito ya mimbarani, akaimba "mume wangu".