Wanawake Waliosimama Kungoja Upepo

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana bado mashavu yananichoma. Juzi nilipeleka picha yangu kwenye duka la vinyago hapa Karatu. Tangu shuleni naota picha yangu moja tu itundikwe pale, wageni wakipita waione. Nimewachora wanawake wa Mbulumbulu, kwetu, siku ya kupepeta maharage. Mama mwenye duka akaitazama weee!

"Rangi umepatia, mdogo wangu. Ila hawa wamesimama tu na nyungo zao. Wageni wanataka kuona kazi. Wainamishe kidogo, wape majembe, nitaitundika hata kesho."

Niwainamishe! Nikaibeba picha yangu kwapani, na njia nzima mawazo yangu yalikuwa kwa bibi, enzi za utoto wangu.

Bibi alikuwa anasiriba kiwanja cha kupuria kwa mavi ya ng'ombe, kikikauka kinakuwa kigumu kama sakafu. Majirani walikuja kwa zamu, leo kwetu, kesho kwa mwingine. Walijipanga safu mbili zinatazamana, fimbo za huku zikishuka za kule zinapanda, pu! pu! pu! Jirani yetu mmoja mnene alikuwa hawezi kabisa kufuata mapigo. "Shoga, unapura maharage au unaua nyoka?" walimwuliza, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Vumbi puani, moshi wa kuni, na harufu ya kande inatutesa tangu asubuhi.

Halafu ndiyo kazi yenyewe: kungoja upepo. Bila upepo makapi hayaondoki. Bibi alikataza mtu kukaa. Upepo wa kwetu huja mara moja ukapita, na ukikukuta umekaa, mpaka uinuke umeshavuka bonde. Basi walisimama, nyungo zimejaa mikononi, macho kwenye majani ya mikaratusi. Siku moja wingu jeusi lilishuka kutoka msituni na yule jirani yetu mnene akachoka.

"Mama, twende tukale, kande zinapoa."

"Kande zikipoa tutapasha," bibi akamjibu bila kugeuka. "Maharage yakilowa utayapasha? Simama, mwanangu. Upepo haupigiwi simu."

Nyungo zilikuwa zinawalemea, niliona. Hakuna aliyekaa. Majani yakacheza, nyungo zote zikapanda juu kwa pamoja, makapi yakaruka kama moshi, na maharage yakamwagika chini mekundu, yanang'aa. Mvua ilipofika, magunia yalikuwa ndani na sisi tunakula kande za moto.

Siku hizi inakuja mashine nyuma ya trekta, inanguruma kidogo, kazi imekwisha. Sisikitiki, mabega ya mama zetu yamepumzika. Ila kiwanja cha bibi kimeota majani, na yeye mwenyewe tulimzika kabla sijajua kuchora uso wa mtu. Hakuna tena mahali utawakuta wale wanawake wamesimama pamoja, isipokuwa kwenye kitambaa changu cha kuchorea.

Jana nimeirudisha dukani vilevile. "Hujabadilisha kitu!" mama mwenye duka akashangaa. Nikamwambia, "Dada, hiyo ndiyo kazi. Usipoitaka, sawa." Hakuitaka. Madukani wanawake walioinama wamejaa tele, mgeni achague mwenyewe. Wangu nimewatundika juu ya kitanda changu, na nimeshanunua kitambaa kingine, kikubwa zaidi. Bado kuna majirani sijawachora.